Mchanga kwenye Ugali wa Ulezi

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka hospitali amezibwa jicho zima ili lile dhaifu lijifunze kazi, nikasikia tena vumbi la ulezi puani.

Mimi, utotoni, nilifungwa kitambaa kwenye jicho zima na sista wa misheni. Alimwambia mama nichambue ulezi kila siku, kwani jicho dhaifu lisipofanya kazi litakufa. Nilidhani amekosea jicho. Basi mama akigeuka, nilikihamishia kitambaa kwenye lile bovu. Ulezi ulitoka safi mno, mama akashtuka, akakishona kitambaa kwenye kilemba changu. Tangu hapo nyumba nzima ilitafuna mchanga, na hakuna aliyenisema.

Alasiri moja ya mvua, baba alimega tonge, akatafuna, akasita, akatafuna tena.

"Leo hauna mchanga," alisema.

Mama alinivuta karibu na moto, akapapasa kitambaa. Kilikuwa palepale, kwenye jicho zima, na mshono haujaguswa. Alinishika mashavu kwa muda mrefu, machozi yakimtoka, na mimi nikasogea pembeni nimpishe, nikidhani ni moshi.