Shikamoo ya Kusimama

Kwa miaka mitatu nilimwamkia mama yangu nikiwa nimesimama, na aibu ile sitaisahau. Kwetu Bukombe mwanamke anapiga magoti kumwamkia mzazi, hata awe na wajukuu kama mimi. Lakini magoti yangu yalikuwa yamegoma. Nikishuka chini, kuniinua kulihitaji watu wawili wenye nguvu. Basi nilikuwa nainama kidogo pale mlangoni, nasema "Shikamoo, mama," naye anaitikia huku anatazama sakafu, mahali ambapo magoti yangu yangepaswa kuwa. Hakunisema hata siku moja. Bora angenisema. Ameshavuka themanini, na niliogopa ataondoka duniani kabla sijampigia magoti tena.

Kunenepa niliona ni baraka. Nina mgahawa Nyasubi, hapa Kahama, na wateja wangu ni wachimbaji wa dhahabu: wakipata wanakula, wakikosa wanakula kwa matumaini. Nilikula nao sahani kwa sahani, wali wa mafuta, nyama ya kukaanga, soda mbili. Majirani walisema nimependeza. Nani angekataa sifa?

Mwaka jana goti likanipeleka kliniki. Muuguzi, binti mpole lakini mdadisi, hakutosheka na uzito wa siku hiyo.

"Mama, ulipoolewa ulikuwa na kilo ngapi?"

Nikacheka. Sisi nani alitupima? Ili kumridhisha, nikampigia mama simu, nikaweka spika. Hakufikiri hata kidogo.

"Hamsini na mbili. Ulining'inia kwenye mizani ya pamba wiki ya harusi, mnunuzi akauliza kama na wewe unauzwa."

Muuguzi aliandika huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akanitajia vya kula: viazi vitamu, maharage, mlenda, mboga za majani, mafuta kiduchu. Kila mwezi mama alikuwa ananitumia kwa basi mfuko wa michembe, viazi alivyovikata na kuvianika mwenyewe, pamoja na mboga kavu, na mimi nilikuwa nawagawia majirani. Nilijiona nimeshavuka chakula cha shida. Niliumia, nasema ukweli.

Mfuko uliofuata niliupokea mwenyewe stendi. Asubuhi nikawa nakula michembe kwa chai badala ya maandazi, halafu naenda sokoni kwa miguu. Wiki ya kwanza nilimchukia kila aliyeagiza chipsi, na wateja wakalalamika kwamba nawakazia macho. Miezi ikapita, kanga zikaanza kunizunguka mara mbili, na majirani walewale wakaulizana kama naumwa au biashara imekufa. Acha waseme. Kila jioni nilijifungia chumbani nikajaribu kupiga magoti, kwanza nikishika kitanda, baadaye bila kushika.

Mwezi uliopita nikaenda Bukombe. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Nikashuka mbele yake taratibu, goti moja, kisha la pili.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Aliyatazama magoti yangu pale vumbini, machozi yakamtoka. Akaniuliza habari za nyumba, za mgahawa, za wajukuu mmoja baada ya mwingine, na magoti yananiwaka moto.

"Mama, shikamoo," nikarudia.

"Marahaba, mwanangu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akarudi kwenye maharage yake. "Hiyo ni ya leo. Sasa niamkie za miaka mitatu."

Nikabaki palepale chini, nikaanza.