Siku Ambazo Nekoye Hakupima

Ikifika saa tatu asubuhi, mvua iwe imenyesha au haikunyesha, Celestine Nekoye huwa ameinama nyuma ya nyumba yake pale Keringet, gilasi ya kupimia mvua mkononi, jicho likiwa sawa na usawa wa maji. Si saa tatu kasorobo wala saa tatu na robo. Jirani yake Kosgei, ambaye shamba lake limetenganishwa na la Nekoye kwa ua wa michongoma, amemtania kwa jambo hilo tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi.

"Mama Bravin! Leo Mungu amekuwekea ngapi?"

"Milimita nne nukta mbili."

"Na ukimwambia ni kidogo, ataongeza?"

"Wewe palilia viazi vyako, mzee. Mimi sibishani na yeye. Naandika tu kile ameleta."

Kisha huingia ndani, hufungua daftari na kuandika. Amefanya hivyo kwa miaka thelathini na miwili.

Baba yake alitoka Bungoma akaja kufanya kazi katika kiwanda cha pareto mjini Nakuru, na Nekoye alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi. Alipoolewa Keringet alipata kazi ya kupokea maua ya pareto katika ghala la chama cha ushirika. Nje ya ghala hilo kulisimama kipimamvua, mtungi wa shaba wenye mdomo wa duara. Bwana shamba wa wakati huo, mzee mkali aliyeitwa Gachanja, alimkabidhi gilasi na daftari na kumwambia maneno ambayo Nekoye huyarudia kama wengine wanavyorudia Amri Kumi.

"Sifuri unaiandika ukiwa umeangalia ukakuta pakavu. Kistari unakiandika ukiwa hukuangalia. Ukivichanganya hivyo viwili, umewadanganya watu ambao hata hawajazaliwa."

Biashara ya pareto ilianguka. Ghala lilifungwa, mabati yake yakang'olewa, Gachanja akastaafu na baadaye akafa. Hakuna ofisi iliyotuma mtu kuuliza mvua ya mwezi. Nekoye alikibeba kipimamvua nyumbani, akakisimika mahali pa wazi mbali na miti, akaendelea. Wapo watu wengi katika nchi hii ambao hufanya kazi vizuri mradi msimamizi amesimama mlangoni. Nekoye alifanya vizuri kazi ambayo msimamizi wake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Ndipo wakaja watu wa Mpango wa Milima ya Maji. Huu ni mpango wa nchi saba zenye milima inayolisha mito, na kila baada ya miaka miwili huandaa mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu tabianchi. Zamu ya Kenya ilipofika, walichagua Nakuru, kwa sababu ya msitu wa Mau na mito yake. Walitaka kumbukumbu za mvua za miaka mingi, na walipouliza huku na huku wakaambiwa yupo mama mmoja Keringet mwenye sanduku la madaftari.

Aliyetumwa alikuwa Fancy Cherop, binti kutoka Olenguruone aliyesomea kazi ya kompyuta. Alikaa kwa Nekoye siku mbili, akipiga picha ukurasa baada ya ukurasa na kunywa chai.

"Mathe, hii ni hazina," alisema. "Hakuna mtu mwingine ako na kitu kama hii huku kwote."

"Si hazina. Ni kazi."

Wiki chache baadaye barua ilifika. Nekoye angezungumza dakika kumi mbele ya wageni wa nchi zote saba. Tena, mkutano ukienda vizuri, Mpango ungeweka vipimamvua arobaini kutoka Kuresoi hadi Olenguruone, na yeye ndiye angewafundisha wapimaji. Nekoye aliisoma barua hiyo mara tatu. Kwa miaka mingi alikuwa akijiuliza nani angeinama pale nyuma ya nyumba siku ambayo magoti yake yangekataa. Sasa alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa watu arobaini.

Akaenda Nakuru siku ya Jumatatu, baada ya kupima. Kosgei alikwenda naye kama mjumbe wa wakulima, amevaa koti la harusi ya mwanawe. Nyumbani hapakubaki mtu wa kushika gilasi: mume wa Nekoye alikufa zamani, mwanawe Bravin yuko Salgaa anakotengeneza malori, na mke wa Kosgei hawezi kuona mistari midogo.

Jumanne asubuhi, walipoingia katika hoteli ya mkutano, walikuta bango kubwa linalofika darini. Juu yake palikuwa na grafu ya nguzo za buluu, nguzo moja kwa kila msimu wa mvua ndefu, na chini yake jina lake: *Kumbukumbu za C. Nekoye, Keringet.* Kosgei alimpiga begani.

"Umekuwa mbunge, Mama Bravin. Bado tu kutuahidi barabara."

Nekoye hakucheka. Katikati ya nguzo zile palikuwa na pengo, na juu ya pengo maandishi mekundu: *Mwaka ambao mvua ilikataa kuja.* Alisogea karibu, akasoma mwaka. Ulikuwa mwaka wa vurugu za uchaguzi.

Mwaka huo nyumba yake ilichomwa moto. Alikimbia na watoto, madaftari akiwa ameyafunga kwa leso mgongoni kama mtoto mwingine, akakaa kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru tangu Januari hadi mwisho wa Mei. Kipimamvua kilibaki. Vijana walipotaka kukichukua wauze ile shaba, Kosgei alisimama mbele yao na kuwaambia kitu hicho ni cha serikali, kina namba, na atakayekigusa atapelekwa gereza la Kamiti. Hakikuwa na namba yoyote. Nekoye aliporudi alikikuta kimesimama, kimejaa hadi kumwagika. Siku zote hizo aliziandikia kistari, kimoja baada ya kingine, kurasa tano.

Alimtafuta Fancy, akampata karibu na meza ya majina.

"Binti yangu, hapa mliandika nini?"

Fancy alitazama, kisha akatazama tena. Mkono ukapanda mdomoni.

"Mathe... programu ilikuwa inakataa kile kistari. Ilikuwa inasema hakuna namba. Nikaweka sifuri ndio iendelee."

"Basi mimi nimesema kwamba niliangalia nikakuta pakavu. Na sikuangalia."

Mratibu wa mkutano, Daktari Sydney Owuor, aliitwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka, kadi tatu zikining'inia shingoni.

"Mama, pole sana. Ni kosa dogo. Lakini bango limeshachapishwa, na waziri anaingia sasa hivi. Tabianchi inabadilika kweli, si hata wewe umeona? Hii haibadilishi ukweli."

"Kama ni ukweli, daktari, hauhitaji kushikiliwa na uongo wangu."

"Si uongo. Tutarekebisha kwenye ripoti. Leo tafadhali washukuru tu wageni, huo mwaka tuuache. Wafadhili wa vile vipimamvua wako ndani. Wakianza kushuku namba, watashuku zote. Utapoteza hao watu arobaini."

Hayo yalikuwa maneno mazito, na Owuor hakuyasema kwa ubaya. Ndivyo mambo mengi yanavyoharibika, kwa mikono ya watu wazuri wenye haraka. Nekoye aliketi kwenye kiti cha ukumbini, daftari la mwaka ule mapajani. Aliwafikiria wapimaji arobaini. Kisha akajiuliza angewafundisha nini siku ya kwanza. Angesimama mbele yao kwa uso gani na kurudia maneno ya Gachanja? Hapo ndani yake pakatulia.

Alipoitwa, alipanda jukwaani polepole. Mbele yake watu mia tatu walikuwa wamevaa visikizio vya kusikilizia wakalimani.

"Nimeambiwa niwashukuru. Nawashukuru," alisema. "Sasa nirekebishe kitu. Lile bango lina jina langu, na mahali pamoja si kweli."

Owuor aliinamisha kichwa.

Nekoye alifungua daftari na kuliinua. Akaeleza kistari ni nini na sifuri ni nini. Akaeleza alikuwa wapi miezi hiyo. "Msiseme mvua ilikataa kuja. Mimi ndiye sikuwa nyumbani. Mvua ilikuja. Ilinikuta kwenye hema, ikanilowesha mimi na watoto wangu. Ilikuwa kiasi gani kule Keringet, sijui, na nyinyi hamtajua kamwe."

"Kipimo kilifurika!" Sauti ya Kosgei ilitoka safu ya tano. Alikuwa amesimama, koti limefungwa vifungo vyote. "Mimi nilikiona! Viazi vyangu vilioza vyote mwaka huo! Muulize mke wangu!"

Watu walicheka, wengine wakichelewa kwa sababu ya wakalimani. Nekoye alisubiri wamalize.

"Mmemsikia huyo? Ametunza kipimo, lakini hakujua kukisoma. Kwa hiyo hata yeye siwezi kumwandika. Ondoeni huo mwaka. Ile mingine nimeiona kwa macho yangu, na inatosha. Nilipoanza, mvua ndefu ilikuwa ikinikuta nimeshapanda katikati ya Machi. Sasa nangoja hadi Aprili iishe. Hilo nitaliapia popote."

Akashuka. Hakukuwa na shangwe mara moja. Mama mmoja aliyefunga shali ya sufu, mjumbe kutoka milima ya Nepal, aliinua mkono na kuuliza kupitia mkalimani: kipimo kikifurika, anaandika nini?

"Kistari. Na pembeni kwa maneno: kilifurika."

Yule mama akaandika. Wengine nao wakaanza kuandika, na baada yake maswali yakaja moja baada ya jingine, yote ya kazi, hadi dakika kumi zikawa arobaini na waziri akatazama saa yake.

Wakati wa chakula cha mchana Fancy alipanda ngazi ya fundi wa umeme akiwa na karatasi nyeupe na gundi, akafunika yale maandishi mekundu. Juu ya karatasi aliandika kwa kalamu nzito: *Haikupimwa.* Owuor alisimama chini akishikilia ngazi. Alipomwona Nekoye akipita na sahani yake, alikohoa.

"Mama, wafadhili wamesema kitu kimoja tu. Wanataka wewe ndiye uandike mafunzo."

"Nitaandika," alisema Nekoye. "Lakini hiyo programu ifundishwe kistari kwanza."

Walirudi Keringet Jumatano jioni. Alhamisi saa tatu asubuhi aliinama nyuma ya nyumba. Maji yalikuwepo.

"Mama Bravin!" Kosgei aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Mke wangu anasema Jumanne ilinyesha kidogo, jana ikanyesha sana. Weka tatu na kumi na moja, umalize!"

"Yeye alipima?"

"Alikuwa anaanua nguo!"

Nekoye aliingia ndani, akafungua daftari. Jumanne, kistari. Jumatano, kistari. Alhamisi, kumi na nne nukta sita, na pembeni kwa herufi zake zilizonyooka: *ya siku tatu pamoja, nilikuwa Nakuru mkutanoni.* Akapuliza wino ukauke, akalifunga.