Pistoni ya Saba

Mume wangu anaitwa Ipo. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wauza spea waliochoka kubishana naye. Kazi yake ni kutafuta vipuri vya mitambo mizee, ile ambayo viwanda vilishaacha kuitengeneza. Muuzaji akisema, "Haipo," yeye hujibu, "Ipo," kisha huondoka. Akishakipata kwingine, humrudia yule muuzaji kumwonyesha, makusudi tu, ili amtie uchungu.

Nimeishi naye miaka ishirini na mbili na sina mpango wa kumsifia. Chini ya kitanda changu kuna nozeli. Kabatini, juu ya mashuka, kuna gasketi. Halafu kuna mikanda ya suruali. Ipo huandika vipimo vya kila injini aliyoishika upande wa ndani wa mkanda wake wa ngozi, kwa kalamu ya wino, na mkanda ukijaa anautundika msumarini na kununua mwingine. Mpaka sasa iko kumi na mmoja ukutani. Wageni wakiiona hunitazama kwa huruma, nami siwaelezi kitu.

Dada yangu mkubwa anaendesha tingatinga. Alifundishwa na marehemu mumewe, na tangu abaki mjane miaka miwili iliyopita, analo lilelile: anasawazisha viwanja, anachimba mabwawa, anarudi nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi. Ni mzee kuliko mimi, hilo tingatinga, na lina sauti mbaya kuliko yangu. Jumatatu moja lilikohoa, likatoa moshi, likanyamaza. Ipo alipolifungua akakuta pistoni ya tatu imetoboka kichwani, tundu la kupitisha kidole gumba.

Hapo ndipo shemeji yake Dada akapata njia. Tunamwita Bwana Tai, kwa sababu ya tai ya shingoni asiyoivua; nadhani hata kuoga anaoga nayo. Tingatinga walilinunua ndugu wawili, yeye na marehemu, na siku zote alitaka liuzwe chuma chakavu. Akaitisha kikao cha familia. "Mimi si mtu mbaya," alisema, na mtu akianza hivyo mimi hushika pochi yangu. "Likiwaka Alhamisi saa nne asubuhi, shemeji, libaki lako moja kwa moja. Lisipowaka, lori linakuja kulibeba. Na wewe uje ukae kwetu, chumba cha nyuma kipo. Utamsaidia mke wangu kazi ndogondogo."

Dada akapiga moyo konde akakubali. Tulipotoka nje akanivuta pembeni. "Mimi nikapige pasi tai za yule mtu?" akaniambia. "Bora nife."

Ipo alianza na ofisi ya wakala wa mitambo, kule kwenye viyoyozi. Binti wa mapokezi alibonyeza kompyuta yake akatabasamu. "Mzee, hii mashine mfumo hauitambui kabisa. Haipo."

"Ipo," akasema Ipo, akavaa kofia yake.

Kisha akaingia mtaa wa spea. Kwa kanuni yake, dukani hutaji tingatinga hata kwa dawa. Ukilitaja tu, muuzaji anacheka na kurudi kwenye chai yake. Unataja kipimo, na unasema ni cha mashine ya kusukuma maji, maana injini zina ndugu zake, na iliyofia kwenye tingatinga huenda binamu yake bado anavuta maji shambani kwa mtu. Kwa uongo huo alipata ringi mpya za pistoni, zimejaa vumbi. Pistoni hakupata.

Jumanne jioni alikaa sebuleni akishusha mikanda ukutani mmoja mmoja. Kwenye wa saba akasimama ghafla.

"Miaka minane iliyopita mimi na marehemu tulilifanyia tingatinga ukarabati," akasema. "Tuliagiza pistoni sita. Nimeandika hapa: sanduku limekuja na saba. Walikosea kufungasha. Sita ziliingia kwenye injini. Ya saba iko wapi?"

Dada, aliyekuja kusikia habari, akasema: "Ilikuwa rafuni karakana. Lakini wakati wa msiba watu waliingia na kutoka. Kila mtu aliondoka na kumbukumbu."

Mimi nikauma ulimi, kwa sababu zangu, ambazo mtazisikia.

Jumatano asubuhi tulikwenda ofisini kwa Bwana Tai, mimi na Ipo, kumwomba aongeze siku mbili. Alitupokea vizuri, akatupa viti vifupi ili yeye aonekane mrefu, akakataa. Nilikuwa tayari nimejaza maneno mdomoni ya kumwambia pale Ipo aliponikanyaga mguu. Nikafuata macho yake. Juu ya meza, mbele ya tai, kalamu zote za Bwana Tai zilikuwa zimesimama ndani ya pistoni iliyogeuzwa juu chini.

"Kikopo kizuri," akasema Ipo kwa uso mkavu.

"Kumbukumbu ya kaka," akajibu Bwana Tai, akaweka mkono kifuani. "Nilikichukua wiki ya msiba."

Ipo akakiinua kidogo, kama mtu anayesoma chapa ya sahani, akakirudisha. Tulipofika barabarani alikuwa anacheka peke yake. "Haijawahi kuonja moto! Namba ziko vilevile kichwani, zinang'aa. Anataka kuuza tingatinga chakavu, na dawa yake anaichomekea kalamu!"

"Tumwombe," nikasema.

"Tukimwomba atajua ni nini, na ataifungia kabatini mpaka Ijumaa."

Alisema kweli. Basi tukala njama. Mchana kutwa Ipo aliisugua ile pistoni mbovu kwa msasa mpaka ikapendeza kuliko mwenyewe alivyokuwa siku ya harusi yetu. Saa kumi nikarudi ofisini naye, nimebeba kikapu kitupu, ile mbovu Ipo ameificha ndani ya koti, nimejifanya nimekuja kuomba radhi kwa kununa asubuhi. Nikampaka Bwana Tai mafuta mpaka akateleza. Nikamwambia nasikia lori lake jipya linapendeza, nami sijawahi kuliona. Hakuna mwanaume anayekataa hilo. Akanipeleka dirishani, akaanza na tairi. Nikauliza juu ya taa, nikauliza juu ya breki, nikauliza kwa nini limepakwa kijani, huku nyuma yangu nikisikia kalamu zikihama nyumba. Nilipogeuka, kikopo kilikuwa mezani, Ipo yuko kitini anasoma kalenda, na kikapu changu kimekuwa kizito.

Sijutii. Ilikuwa mali ya tingatinga toka mwanzo, yeye ndiye aliyeibeba na watu wanalia.

Tulifika karakana tukishangilia, kumbe bado. Ipo aliigeuza pistoni, akachungulia matundu ya ubavuni, akaiweka chini. "Pini haimo, ile inayoifunga kwenye fimbo yake. Na ile ya zamani imeungua, imekuwa ya buluu. Bila pini hatuna kitu." Dada akakaa chini kwenye kreti, akafunika uso. Nilimwona anavyolia bila sauti, mwanamke anayeangusha miti, na aibu ikanipanda kutoka miguuni.

Nikaenda nyumbani mbio. Nikarudi na kipande cha chuma kinene, laini, urefu wa kiganja, nikamkabidhi mume wangu bila kumwangalia.

Akakinusa. "Hiki kinanuka vitunguu saumu."

"Nilikikuta rafuni kwao, zamani, wakati wa ule ukarabati wenu," nikasema. "Nikaona kinafaa kutwangia."

"Miaka minane! Na kila siku unanigombeza kwa vyuma vyangu, kumbe unanilisha kwa pini ya injini?"

"Wewe chukua ufunge, maneno baadaye."

Alikipima. Kilikuwa sawasawa, hakina hata mkwaruzo. Chuma kile hakisumbuliwi na vitunguu. Tukaivaa kazi sote watatu, na silinda kwa bahati haikuwa imechubuka.

Alhamisi saa nne kasoro, Bwana Tai alifika na lori lake la kijani na vijana wa minyororo. Dada alikuwa juu ya kiti cha tingatinga tayari. Hakumsalimia. Alivuta mkono wa mafuta, akawasha. Likakohoa mara moja, mara mbili. Nilishika mkono wa Ipo kwa nguvu. Mara ya tatu likanguruma, moshi mweusi ukamfunika Bwana Tai na tai yake, na ardhi ikatetemeka hadi kwenye magoti yangu. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi pia, sioni haya kusema.

Bwana Tai alijifuta masizi. "Haiwezekani! Nilimuuliza wakala mwenyewe, akasema haipo! Pistoni mmeitoa wapi?"

Dada akapunguza moto ili asikike vizuri. Akamwinamia kutoka juu, kwa adabu zote.

"Kwako, shemeji. Ahsante kwa kututunzia. Ile unayoichomekea kalamu sasa ndiyo chuma chakavu chako. Ila usiweke vitu vidogo, ina tundu chini."

Kisha akaingiza gia, akaenda kazini.