Mwanangu Kavunja Ungo, Siri Kampa Mke wa Baba Yake

Admin, naomba unifichie jina, hapa Bagamoyo tunajuana sana.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na tano, fundi cherehani, nimeachika. Nina binti mmoja wa miaka kumi na tatu, nimemlea peke yangu tangu ananyonya. Baba yake alioa tena, anaishi Msata na mkewe, ambaye ni nesi wa watoto. Likizo binti huenda kwao.

Likizo iliyopita alirudi mtu mwingine. Akivaa anafunga mlango, nikiingia ananiambia, "Mama, piga hodi kwanza." Nafua nguo zake, nakuta pedi kwenye begi. Kumuuliza, akainamisha kichwa: "Nilivunja ungo kule Msata. Mama mdogo alinielekeza kila kitu."

Wenzangu wa pwani mtanielewa. Somo wa mwanangu, wa kumfunda akishavunja ungo, nilishamchagua, dada yangu wa Pangani, na kanga za kumtunza nimeziweka sandukuni. Kumbe mwenzangu kashamaliza! Wivu ulinishika. Nikampigia yule mwanamke hata salamu sikutoa.

"Nani kakutuma umfunze mwanangu?"

Akanijibu taratibu, "Dada, alikuja analia, anadhani anaumwa. Nikamwambia tumpigie mama yako, akakataa. Akasema mama atafoka."

Nikakata simu. Nikampiga marufuku binti kwenda Msata, na kuongea na yule nesi pia nikamkataza. Ndivyo tunavyoishi tangu hapo. Anakula, anaosha vyombo, anajifungia. Nikimuuliza kitu ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Jumamosi iliyopita nesi akaja mwenyewe. Nilishapanga matusi yangu yote. Akakaa kwenye mkeka, akasema, "Sikuja kugombana. Umri huu mwili unabadilika na moyo nao unabadilika. Atanuna, atataka faragha, siyo kwamba hakupendi. Usimhoji kama polisi. Kaa naye mkipika, akianza kuongea msikilize, hata akisema jambo baya usipandishe sauti. Akijua hutamfokea, atakuja kwako."

Nilijua anasema kweli, na ndiyo maana nilimchukia zaidi. Mara binti akatoka madrasa. Alipomwona tu, akamrukia shingoni, akalia kwa kwikwi. Mimi nimesimama na birika la chai, kwangu, hakuna aliyenitazama. Mimi hajanikumbatia hivyo muda mrefu.

Kisha akatamka mbele yetu sote: "Nataka nihamie Msata, nikasome kule." Baba yake tulipompigia akasema hana neno. Nesi akanigeukia: "Bila ridhaa yako, dada, mimi simpokei."

Hata hapo nilimwonea wivu. Angekuwa mkorofi ningepata cha kumsema, ila ni mwema, na mwanangu ameuona wema huo kabla hajauona wangu.

Shule zinakaribia kufunguliwa na binti anasubiri jibu. Hanililii, hanibembelezi, ananitazama tu. Naogopa nikimruhusu, siku atakayopata mchumba nitaambiwa na yule. Na nikimbakiza kwa nguvu, nitakaa na mtoto ambaye moyo wake uko Msata.

Nyie mliolea mabinti, na nyie mlioolewa mkakuta watoto wa wenzenu, nisemeni mnavyotaka ila mnijibu: nimwachie aende, au nimwombe abaki? Na kama ni kumwomba, mama anaanzaje kumwomba mwanawe ampende?