Paa Lililotunziwa Siku Yake

Mume wangu alikuwa mtu wa kutunza vitu, na mimi ni mtu wa hasira za karibu. Tuliishi hivyo miaka mingi, kwanza Tanga, kisha hapa Toronto, kwenye ghorofa kuukuu la Weston linalotazama mto Humber. Alikuwa fundi wa mabasi. Alipostaafu akanunua gari la zamani la Kimarekani, rangi ya maziwa, lenye paa la turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza swichi. Alilitamani gari la namna hiyo tangu utotoni, alipokuwa akimwona meneja wa shamba la mkonge akipita nalo paa likiwa wazi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshikilia kofia isipeperuke.

Siku alipolileta alilifungua paa mara moja kuhakikisha linafanya kazi, akalifunga. Hakulifungua tena. Jumapili za kiangazi tulitembea nalo limefungwa, mimi natokwa jasho kama niko jikoni. Nikimwambia afungue, alijibu, "Siku yake ipo, mama watoto." Siku ipi? Harusi ya binti yetu ilipita paa limefungwa, kwa sababu kulikuwa na vumbi la ujenzi barabarani. Mtoto wetu wa kiume alipomaliza chuo, tatizo likawa mawingu. Mwanzoni nilimcheka, baadaye nikachoka kucheka.

Ndivyo alivyolelewa. Mama yake alikuwa na kabati la vyombo vya wageni, na ndani yake vikombe vyenye mstari wa dhahabu ambavyo mtu wa nyumbani hakuthubutu kuvinywea. Alipofariki tulivirithi sisi. Tulipanda navyo ndege vikiwa vimeviringishwa kwenye kanga zangu, tukafika navyo Weston vizima, tukavifungia kwenye kabati lingine.

Mwezi wa kumi mwaka jana madaktari walisimamisha dawa zake za saratani. Wakatuambia kwa upole kwamba kitanda kimepatikana kwenye nyumba wanakotunzwa wagonjwa ambao hawatapona, na kwamba ataingia Alhamisi. Niliuchukia ule upole wao. Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye kochi bila kuvua koti, akaniambia, "Nataka nipande gari paa likiwa wazi. Mara moja tu, kabla sijaenda huko." Ilikuwa Jumatatu.

Tukashuka kwenye maegesho yaliyo chini ya ghorofa. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa dawa, hata vifungo vya shati nilimfungia mimi. Kwa hiyo nilimbebea kiti cha jikoni, nikamkalisha kando ya gari na blanketi mabegani. Yeye angeelekeza, mimi ningeshika. Nikafungua makomeo mawili ya juu ya kioo cha mbele, nikawasha gari, nikabonyeza swichi. Kimya.

"Umesikia chochote nyuma ya kiti?" akauliza.

"Nimekusikia wewe unakohoa."

"Acha utani, mama watoto. Pampu iko nyuma ya kiti cha nyuma. Toa kiti, kisha uanze na fyuzi."

Fyuzi ilikuwa nzima. Akanifundisha kutumia taa ya kupimia umeme, ile yenye ncha kama msumari na waya wa kubana kwenye chuma. Nikaigusisha kwenye swichi, ikawaka. Nikaigusisha kwenye waya unaoingia kwenye pampu huku nikibonyeza kwa mkono mwingine, nimejipinda mgongo unalia, ikawaka pia. Akafumba macho, akafikiri. "Umeme unafika lakini hauna pa kurudi. Tafuta waya mweusi uliofungwa kwenye bodi ya gari." Niliukuta umeota kutu ya kijani na nyeupe, chumvi ya barabara za hapa imeula. Nikaufungua, nikausugua kwa msasa, nikaurudisha. Nilipobonyeza tena, pampu ilinguruma.

Nilipiga vigelegele mle ndani, sauti ikarudi kutoka kwenye kuta. Paa likainuka kama shibiri moja. Kisha upande wa kushoto ukagoma, wa kulia ukaendelea, paa zima likaanza kwenda mshazari. "Acha! Acha!" akapiga kelele kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nikaacha. Nilipochungulia nyuma niliona mafuta mekundu yakitiririka kwenye zulia, yanatoka kwenye jeki ya kushoto inayosukuma paa. Nikayachovya, nikamwonyesha kidole. Yeye hakuweza kuyapima kwa kidole chake, akayanusa tu.

"Sili za jeki zimekauka," akasema.

"Zimekaukaje?"

"Sili ni raba, na raba isipopata mafuta inakauka. Paa la namna hii linatakiwa lifunguliwe na kufungwa mara kwa mara." Akatazama sakafu. "Gereji tulifungua milango ya mabasi yote kila asubuhi, hata ya mabasi mabovu, ili sili zisife. Vijana wasipofanya hivyo nilikuwa nawafokea. Hili nikalionea huruma."

Nilishikwa na hasira. Nilitaka kumgombeza mtu anayekufa kwa ajili ya kipande cha raba. Miaka yote ile tulikaa chini ya turubai kama kuku ndani ya tenga, na yeye, fundi mzima, alijua. Nikafuta mafuta kwenye zulia, na nikafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sili mpya zilikuwa za kuagizwa, na zisingefika kabla ya Alhamisi. Akasema basi, tuliache, tukilazimisha tutapinda vyuma. Nikamwambia jambo hili sasa liko mikononi mwangu. Jumatano mchana nikamwomba jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya juu aje anisaidie kabla hajaenda kazini. Mume wangu, kwenye kiti chake cha jikoni, alituelekeza boliti za kufungua ili jeki zote mbili ziachane na fremu. Baada ya hapo paa lingekunjwa kwa mikono ya watu wawili, kila mmoja upande wake.

"Pole pole, maman," jirani akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa. "Attention na vidole."

Likalalia nyuma likiguna. Juu yetu hakukuwa na mbingu, kulikuwa na dari la zege na mabomba ya maji machafu. Jirani alimnyanyua mume wangu akamweka kwenye kiti cha mbele, akanisaidia kumfunga mkanda, akaenda zake kazini. Mtu wa kunisaidia kulifunga paa hakuwapo tena.

Lango la maegesho lilipofunguka tukaona mvua. Haikuwa kubwa, ni ile nyembamba ya baridi ya mwezi wa kumi inayoingia mpaka kwenye mifupa.

"Geuza," akasema. "Viti vitalowa."

"Na vilowe."

"Mama watoto, hiyo ni ngozi halisi."

"Nimesema na vilowe."

Nikakanyaga mafuta. Tukapita barabara ya Weston, maji yanatupiga usoni, watu kwenye kituo cha basi wanatutazama kama vichaa. Nilikuwa nalia na sikujificha. Nilipomgeukia nilimwona ameinua ule mkono wake wenye ganzi, ameushikilia juu ya kofia yake ya sufu. Tulipofika kwenye taa nyekundu karibu na stesheni, upepo wa mwendo ukakoma na mvua ikawa inatuangukia wima. Alitazama juu muda wote taa ilipokuwa nyekundu.

"Kumbe hata siku ya mvua ingefaa," akasema.

Gari la nyuma likapiga honi. Nikaondoa gari.

Nyumbani nilimkausha, nikamvisha soksi mbili mbili. Binti yetu alipiga simu kutoka kwake, na aliposikia tulikotoka akanifokea kwa Kiingereza, akaniuliza kama nina akili. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba baba yake anasubiri chai, nikakata. Nikafungua kabati, nikatoa kikombe chenye mstari wa dhahabu, nikakisuuza vumbi, nikamimina chai ya tangawizi.

Alikitazama kile kikombe, akatazama mlangoni. "Kuna mgeni?"

"Hakuna. Kunywa."

Nilimshikia, maana vidole vyake visingekiweza. Alikunywa yote, akaomba kingine. Asubuhi walikuja kumchukua.

Wageni walikuja baadaye, msibani, walijaa mpaka kwenye korido. Niliwapa chai kwenye vikombe vya karatasi. Vile vya dhahabu navinywea mimi kila siku, na kimoja kimeshavunjika kishikio.