Ustadhi Asiyeweza Kuomba

Kwa miaka tisa Mwanamwema Rajabu alichapa maneno ya watu wengine. Steshenari aliyofanyia kazi ilikuwa Lushoto mjini, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na benchi la wateja, na kila mwenye la kusema kwa maandishi alipita pale. Kamati za misikiti zilileta mihtasari ya vikao. Walutheri walileta ratiba za ibada na matangazo ya ndoa. Mwanamwema alijua sheikh anavyoifungua barua na mchungaji anavyoifunga, na mara nyingi aliandika mwenyewe tangu salamu hadi sahihi, maana wateja walimwambia tu, "Wewe unajua, tupangie vizuri."

Hakuwa mtu wa kutulia. Evodia, mwenzake wa kompyuta ya pili, Mlutheri wa Mlalo na mwimbaji wa kwaya, alipenda kusema kwamba Mwanamwema hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Angechapa kurasa tatu, akasimama, akaenda mlangoni kutazama ukungu unavyoshuka, akarudi, akasimama tena.

Kilichomfanya aandike la kwake kilitokea nyumbani kwao, kijiji kimoja juu ya Kwai, msimu wa mvua kubwa. Kijana wa miaka kumi na tisa, Yusuph, alikuwa akizibua mfereji kwenye shamba la kabichi mteremko ulipoporomoka. Walimtoa kwenye udongo akiwa ameshafariki. Alikuwa mtoto wa Ustadhi Twaha, imamu wa kijiji, ambaye pia ndiye aliyemfundisha Mwanamwema Kurani tangu alifu.

Siku ya tatu palisomwa hitima. Wanaume walikaa uani kwenye mikeka, wanawake ndani. Mwanamwema alikuwa mlangoni, ameshika sinia la wali, akisubiri dua iishe. Sheikh mgeni aliomba kwa sauti nzuri na uwanja mzima ukaitikia amin, amin. Ustadhi Twaha alikuwa ameinua mikono kama wengine, lakini midomo yake ilikuwa imefungwa. Haikufunguka hata mara moja. Dua ilipokwisha alijipangusa uso kama wengine, akaanza kuwaelekeza watu mahali pa kunawa.

Ni hilo tu. Mwingine angeliona akalisahau kabla wali haujapoa. Mwanamwema alirudi nalo mjini na likakataa kumtoka. Akiwa anachapa mtihani wa jiografia aliiona ile midomo. Mwisho akaanza kuja kazini mapema, kabla Evodia hajafika, akafungua faili jipya na kuandika habari za ustadhi mmoja wa milimani, aliyempa jina la Kassim, aliyefiwa na mwanawe na tangu hapo akawa anasalisha watu mara tano kwa siku huku yeye mwenyewe hawezi kumwomba Mungu hata neno moja. Watu nyuma yake wanapata faraja. Yeye mbele hapati kitu.

Aliandika kurasa thelathini na nne kwa miezi miwili, kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua. Alipomaliza, furaha ikamwisha siku hiyohiyo. Baba yake, Mzee Rajabu, alikuwa katibu wa kamati ya msikiti wa Ustadhi Twaha. Watu wangesemaje? Binti wa katibu anaandika kwamba imamu hasali kwa moyo? Asubuhi moja alilifuta faili, saa sita akalirudisha kutoka kwenye pipa la taka la kompyuta, jioni akalifuta tena. Alipoteza hamu ya kula. Alianza kuwatazama wateja wenye kanzu kana kwamba wameshasoma.

Ndipo akapata njia ya kutokea, au alidhani ni njia. Alilirudisha faili, akaiamuru kompyuta itafute neno "ustadhi" kila lilipo na kuweka "mchungaji". Msikiti ukawa kanisa. Kassim akawa Samsoni. Kazi ya dakika tano. Akapumua, akachapisha nakala moja ili aisome nyumbani, akaisahau kwenye mashine.

Evodia aliikuta. Alisoma amesimama, na mara akaangua kicheko hadi wateja wakageuka.

"Mwana, hebu nisaidie," alisema. "Mchungaji Samsoni anavua viatu mlangoni pa kanisa, anatia udhu, anaelekea kibla. Huyu ni wa dayosisi gani?"

Mwanamwema alijaribu kucheka naye. Lakini Evodia aliendelea kusoma, na kadiri alivyosoma kicheko kikapungua. Alipofika mwisho alizipanga karatasi vizuri, akasubiri wateja waliokuwemo watoke.

"Huyu hakuwa mchungaji," alisema.

"Hakuwa."

"Kwa nini umemleta kwetu?"

"Niliogopa, Evodia. Unawajua watu wa nyumbani."

"Kwa hiyo wenu ukamwonea haya, wetu akakufaa. Sisi ndio hatuumii?"

Evodia hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kila mmoja akarudi kwenye kompyuta yake. Kabla ya kufunga, Evodia akasema akiwa amempa mgongo, anakunja pazia la mlango, "Baba yangu ni mzee wa kanisa. Mama alipofariki aliendelea kupitisha sahani ya sadaka miezi sita bila kuimba. Mimi nilikuwa kwaya, nilikuwa namwona. Kama ungemwandika huyo, ningekushika mkono. Lakini huyu ni wa kwenu. Mrudishie kanzu yake."

Alimrudishia. Safari hii haikuwa kazi ya dakika tano, maana kompyuta ilikuwa imechanganya mengi, na kila neno ilibidi alirudishe kwa mkono. Alipomaliza alimpa Evodia nakala. Evodia aliipenda mno, akapiga picha kurasa zote kwa simu na kumtumia dada yake Mlalo. Hakuuliza. Alidhani kitu kizuri hakiulizwi. Dada akamtumia jirani, jirani akatuma kwenye kundi la WhatsApp, na siku ya tisa hadithi ikafika Kwai.

Simu ya Mzee Rajabu ilikuwa fupi. "Njoo nyumbani."

Alimkuta baba yake ameketi barazani, magunia ya karoti yamepangwa ukutani yakisubiri gari la Tanga.

"Shikamoo, baba."

Mzee Rajabu hakusema marahaba. Tangu azaliwe Mwanamwema hakuwahi kunyimwa itikio hilo.

"Umemvua nguo mwalimu wako," baba alisema.

"Ni hadithi, baba. Jina si lake."

"Jina! Msikiti una bati la buluu kama wetu. Mteremko ni ule ule. Kijana anazibua mfereji. Unadhani watu ni wajinga? Jana kwenye kikao wazee wananitazama mimi. Wananitazama mimi, Mwanamwema, kana kwamba nimeandika mimi."

"Sikumsema vibaya. Nimempenda."

"Kama ndivyo unavyopenda, utuchukie." Alisimama. "Nenda kamwombe radhi. Halafu hicho kitu ukichome."

Njia ya kwenda shamba la Ustadhi Twaha ilipita kando ya kovu jekundu la yale maporomoko, ambalo majani yalikuwa yameanza kulifunika. Mwanamwema alisimama mara tatu, mara mbili akageuka kurudi. Alimkuta ustadhi anapalilia maharage, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Asalaam alaykum, Ustadhi. Shikamoo."

"Waalaykum salaam. Marahaba, mwanangu. Onga mshi."

Ile salamu ya Kishambaa, ya mchana wa kawaida kabisa, hakuitarajia. Maneno yote aliyoyapanga yakapotea.

"Nimekuja kuomba radhi, Ustadhi."

"Nimesoma," alisema. "Kwa simu ya mkwe wangu. Maandishi madogo, macho yameniuma." Alichomeka jembe ardhini. "Umeandika kwamba kwenye mazishi watu walirukuu."

Mwanamwema hakuelewa.

"Sala ya maiti ni takbira nne umesimama. Haina rukuu, haina sijda. Hujawahi kuisali, sawa, basi ungeuliza. Mtu akiona umekosea pale ataona umekosea kote."

"Nitarekebisha," alijibu, kisha akakumbuka. "Hapana, Ustadhi, nitaichoma. Baba amesema niichome."

"Baba yako ana haki ya kuona aibu. Na mimi usidhani nimefurahi. Mama Yusuph amelia siku mbili. Hakulilia maneno ya kwamba mumewe haombi, hayo alikuwa anayajua. Alililia ule udongo. Umeuandika kana kwamba ulikuwepo. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Sisi tulikuwepo. Huo uutoe. Mtoto wa huyo mtu wako afe kwa homa, afe kwa lolote. Udongo ni wetu."

"Ndiyo, Ustadhi."

Alirudi kupalilia, na Mwanamwema akadhani mazungumzo yamekwisha. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa aliposikia, "Na kwa nini siku ya arobaini anapona?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye kurasa za mwisho Ustadhi Kassim anasimama alfajiri ya arobaini, machozi yanamtoka, na dua inamjia kama maji ya mfereji uliozibuliwa.

"Watu wangeudhika," Mwanamwema alisema, "kama ningemwacha hivyo."

"Kwa hiyo ukamponya kwa ajili ya watu." Ustadhi Twaha hakumtazama. "Mimi sijui siku ya arobaini ilipita lini. Kuna alfajiri nasikia ninachokisema. Kuna alfajiri nasikia meno yangu tu. Nasimama hivyohivyo, kwa sababu wenzangu wameshatia udhu na wanasubiri. Wewe kwenye hadithi yako kila kitu umekiogopa kidogo, lakini pale mwishoni umeogopa sana."

"Unaniruhusu basi niichapishe?"

"Sikuruhusu. Siwezi kumruhusu mtu anianike. Na sikukatazi. Utajua mwenyewe, una umri wa kujua."

Angependa zaidi akatazwe au aruhusiwe. Aliondoka na kitu kibaya kuliko vyote viwili. Wiki nzima hakupata raha. Alimtumia baba yake ujumbe mrefu, hakujibiwa. Alikaa kwenye kompyuta, akauondoa mteremko, akamfanya mtoto afe kwa homa ya uti wa mgongo, na hadithi ikapungua nguvu mahali pale. Aliiona inapungua, akaiacha hivyo. Akairekebisha sala ya maiti. Kisha akafika mwisho, na hapo alihangaika kuliko mahali pengine. Aliandika miisho sita. Mwisho akafuta machozi na mfereji, akamwacha Ustadhi Kassim amesimama mbele ya safu, anasubiri watu wanyooshe mabega, bila kueleza kama kuna kitu kitamjia au hakitamjia.

Alitoa nakala hamsini, akazibana kwa pini, akaandika jina lake kamili juu: Mwanamwema Rajabu. Alisita sana kwenye hilo la pili, maana lilikuwa jina la baba. Lakini bila hilo ingekuwa kujificha tena.

Hawakumpiga mawe. Wala hawakumpongeza. Kamati mbili za misikiti zilihamishia kazi zao steshenari nyingine, na mwenye duka, ambaye alikuwa Mkristo na hakutaka maneno, alimwambia akauzie vitabu vyake nje. Shangazi yake aliacha kumpokelea simu. Mwalimu mmoja wa sekondari alimtumia ujumbe kwamba Mwislamu wa kweli haandiki shaka, na Mwanamwema akaliandika jibu lake mara nne bila kulituma. Lakini pia mwanamke asiyemfahamu, muuza viungo kutoka Muheza, alikuja kuulizia "ile ya ustadhi asiyeweza kuomba", akasema ni kwa ajili ya mume wake, akaondoka bila kueleza. Evodia alipeleka nakala moja kwa baba yake. Siku moja aliikuta ndani ya kitabu cha nyimbo cha yule mzee.

Mzee Rajabu alijiuzulu ukatibu. Alisema amechoka, miaka imekuwa mingi. Kila mtu alijua. Mwanamwema alipokwenda kumsalimu sikukuu ya Idi, mzee aliitikia marahaba, akampa karoti za kupeleka mjini, wakazungumza bei ya mbolea. Hadithi hawakuitaja. Hajui mpaka leo kama baba yake ameisoma.

Siku hiyo hiyo ya Idi alipita kwa Mama Yusuph. Alikuwa amemkwepa miezi mitano. Mama huyo, Bi. Zakia, alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Aliitikia shikamoo, akamwonyesha kigoda.

"Unayo?" akauliza.

Mwanamwema alikuwa nayo, kwenye mkoba.

"Nisomee. Ile ya kwenye simu nilisomewa na watu wanaosoma harakaharaka."

Mwanamwema akasoma. Ukurasa wa kwanza ulipoisha akaomba maji, akaendelea. Bi. Zakia hakuacha kuchambua. Homa ilipofika, vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea. Walipofika pale Ustadhi Kassim anakunja mswala na kukaa akitazama ukuta, mkewe mlangoni hajui aingie au arudi, Bi. Zakia alisema, "Hapo. Huyo mwanamke alirudi jikoni. Hakusimama mlangoni muda wote huo. Alikuwa na kazi."

"Niandike hivyo?"

"Andika alirudi jikoni."

Mwanamwema alitafuta kalamu kwenye mkoba, akaandika pembeni ya mstari. Alipoinua macho, Bi. Zakia alikuwa amemimina maharage kwenye sufuria na alikuwa anamsubiri aendelee.