Niliuambia Mlango

Mwanangu, kuna siku moja ambayo naikumbuka kila nikisikia umeitisha mkutano wa mtaa huko Mandewa. Ngoja nikusimulie, maana sasa na wewe ni mwenyekiti.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imeanza kujaa minadani na kila mwenye ubavu anafungua duka. Mimi nilikuwa mtendaji wa kijiji upande wa Mgori, kijana wa suruali iliyonyooshwa na muhuri mfukoni. Ikaja barua ya halmashauri: unakuja mtambo wa kuchimba kisima, kijiji kikutane kichague mahali. Nilifurahi mno. Nikaandika tangazo kwa mwandiko mzuri, nikalibandika kwenye mlango wa ofisi, nikaenda zangu.

Siku ya mkutano walikuja wanaume wachache, na wawili kati yao walikuwa wanapita tu kwenda kilabuni. Wanawake walikuwa wamefuata maji korongoni, safari ya asubuhi nzima. Tukachagua uwanja wa jirani na ofisi, kwa sababu tu ulikuwa jirani na ofisi. Nikaandika muhtasari, nikagonga muhuri.

Mtambo ukaja, ukachimba siku tatu. Maji yaliporuka vigelegele vilisikika hadi milimani. Wa kwanza kuyaonja alikuwa Bibi Zaina, mjane aliyekuwa akifinyanga vyungu. Akayashika mdomoni kidogo, akayatema. Chumvi tupu. Hata ng'ombe waliyanusa wakageuka. Wachimbaji wakafungasha, kwani zamu ilikuwa ya kijiji kingine.

Kesho yake nilikwenda kwa Bibi Zaina. Nilimkuta uani, mikono imejaa udongo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtendaji."

"Ulijua kwamba pale pana chumvi?"

"Tangu nikiwa msichana. Udongo wa pale ukiufinyangia, chungu kikikauka kinatoa unga mweupe. Wanawake wote wa huku wanajua."

"Sasa mbona hamkuja kusema? Tangazo nililibandika mlangoni."

Aliacha kufinyanga. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mimi kusoma sijui. Na njia yetu ya maji haipiti ofisini kwako. Uliuambia mlango, mwanangu. Sisi hukutuambia."

Alfajiri zilizofuata nililala nikisikia ndoo zikipita nyuma ya nyumba kwenda korongoni, nikijua ni kwa sababu yangu.

Ndipo nikaanza kutembea. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikaenda kanisani, msikitini, na kwenye mashine ya kusaga, ambako akina mama husubiri zamu. Niliwauliza saa ipi wanaweza kukaa. Wakasema saa tisa alasiri, wakishapika. Mkutano ukajaa. Nikasimama mbele yao nikakiri kosa. Kisha nikawaomba wachague wao mahali pa kuchimba.

Bibi Zaina na wenzake walitupeleka bondeni, penye matete. Mtambo haukurudi tena katika muda wangu wote, kwa hiyo tulichimba kwa majembe na sururu, wiki baada ya wiki. Yalitoka maji kidogo, lakini matamu.

Mwanangu, najua siku hizi mna makundi ya kwenye simu. Unatuma ujumbe, unaona umemaliza. Jiulize nani hana simu, na nani anayo ila yuko shambani. Uitishe mkutano saa ambayo mwenye kazi nyingi anaweza kuja. Uwaulize kabla hamjaamua, wala usiwaite kuja kupigia makofi yaliyokwisha kuamuliwa. Na wakishasema, uwarudishie majibu, hata kama ni mabaya.

Mungu akupe miguu isiyochoka kuwafuata watu wako. Na siku utakapokiacha hicho cheo, upite mitaa ile ile kwa amani, wakuite kwa jina lako wakikusalimu. Amina.